Kabla hajamaliza, mkampa ushauri: jibu kwa fundi wa Morogoro

Swali

*Shikamoo mshauri. Mimi ni fundi umeme hapa Morogoro, nina miaka 38, mke na watoto watatu. Mwaka jana jirani yetu, mtu tuliyekuwa tunakaa naye kijiweni kila siku, alijiua. Hakuna aliyejua kama ana shida. Baada ya msiba tukakubaliana wanaume saba tuwe tunakutana kila Alhamisi jioni, bila pombe, tusikilizane. Mmoja wetu aliwahi kuhudhuria semina ya mawasiliano yasiyo na ukatili, akatuletea karatasi: tukio, hisia, hitaji, ombi. Tunajitahidi ila mambo hayaendi. Wiki iliyopita mwenzetu wa bodaboda alisema tajiri kamnyang'anya pikipiki ya mkataba ikiwa imebaki miezi miwili imalizike. Kabla hajafika mbali tukamrukia. Mmoja kamwambia aende kwa mwenyekiti wa mtaa, mwingine kamtajia mtu anayetoa mikataba nafuu, mwingine kasema yeye mwaka juzi yalimkuta makubwa kuliko hayo. Jamaa akacheka, akasema "poa, nimewaelewa", akanyamaza mpaka tukatawanyika. Na mimi zamu yangu ikifika nakosa cha kusema, naongea mambo ya kazini, natia utani, namaliza. Mke wangu naye anasema siku hizi naongea kama kipeperushi cha hospitali. Je, haya mambo ya kusikilizana hisia si ya wanawake tu? Halafu kuna shemeji wa mwenzetu mmoja, kaka wa mkewe, anataka kujiunga. Tumpokee?*

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Poleni kwa msiba wa jirani yenu, na hongereni kwa kuanza kukutana. Misiba mingi ya namna hiyo huishia kwenye rambirambi na maneno ya "angetuambia", watu wanakunja mikeka wanarudi makwao.

Naanza na dereva wenu, maana karibu maswali yako yote yamo kwenye zile dakika chache. Mkataba umebaki miezi miwili. Anayeijua kazi hiyo anajua uzito wake. Mtu amepeleka hesabu kila siku, mvua ikinyesha jua likiwaka, akila kinachobaki, akingoja siku ambayo kadi itakuwa yake. Sasa hana pikipiki, hana kadi, na alichokwishalipa hakirudi. Hicho ndicho alichokileta mbele yenu. Ninyi mkampa mwenyekiti wa mtaa.

Sisemi mwenyekiti hana maana, huenda kesho yake akahitajika kweli. Ila wewe ni fundi. Ukiitwa nyumba imekatika umeme huanzi kubomoa ukuta, unashika tester kwanza. Hamkujua kama kinachomuuma ni fedha, au ni dhuluma aliyotendewa, au ni namna ya kumwambia mkewe, au ni mwaka mzima kupotea hivi hivi. Kila mmoja alitibu kidonda alichokidhania yeye. Na yule aliyesema yalimkuta makubwa zaidi, huyo alichukua zamu ya mwenzake bila kujijua. Ninavyoona mimi, hilo ndilo kosa baya kuliko yote ya usiku ule, ingawa watu hulisema kwa nia njema kabisa ya kumtia mtu moyo.

Kwa nini tunakimbilia ushauri? Tunajali, ila mwanaume wa kwetu amelelewa kuamini kwamba thamani yake ipo kwenye kutatua. Mwekee tatizo mbele yake asilifanye chochote, atajiona hana kazi pale. Ushauri unamtuliza yule anayeutoa, ndiyo maana unatoka haraka hivyo. Ukiwa kwenye kikundi, sikiliza kifuani mwako sekunde ile kabla hujafungua mdomo kumwambia mtu "mimi ningekuwa wewe". Kuna kitu kinakukera, unataka kiishe. Hicho ni chako, si chake.

Kuhusu kwamba haya ni mambo ya wanawake. Mwaka 2001 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Oregon huko Marekani, Kristi Klein na Sara Hodges, waliwaonyesha wanaume na wanawake video ya mtu anayeeleza jambo lililomkuta, wakawataka wakisie alikuwa anawaza na kuhisi nini. Katika hali fulani wanawake walikisia vizuri zaidi. Lakini walipoahidiwa fedha kwa kila atakayekisia sawasawa, tofauti ikatoweka, wanaume wakapata sawa na wanawake. Uwezo walikuwa nao siku zote. Hawakuwa wanaona sababu ya kuutoa.

Wala huhitaji kwenda Oregon kuliona hilo. Muangalie dalali anavyomsoma mteja: anajua nani ana fedha na anajifanya hana, nani anaona haya kuuliza bei, nani mkewe amekataa tayari. Na wanaume wanaolala matanga nje chini ya turubai, usiku mzima na mfiwa, kahawa na karata, hakuna anayemwambia "fanya hivi". Wanakaa naye. Hawakufundishwa na mtu. Shida ni kwamba tunayo ruhusa ya kukaa hivyo na mwenzetu akifiwa tu. Akinyang'anywa pikipiki tunamgeuza kuwa tatizo la kutatuliwa.

Niseme kidogo kuhusu ile karatasi. Inatoka kwa Marshall Rosenberg, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1934 na kukulia Detroit, mji ambao mwaka 1943 ulikumbwa na machafuko makubwa ya weusi na weupe, akiwa mtoto. Alikuja kuwa mwanasaikolojia, na mengi aliyachota kwa Carl Rogers, ambaye mwaka 1957 aliandika makala akisema kwamba kumwelewa mtu kutoka ndani ya dunia yake ni moja ya masharti ya mtu huyo kubadilika. Rosenberg alifundisha kwa vikaragosi viwili, mbweha anayelaumu na twiga anayesikiliza. Twiga alimchagua kwa kuwa, alisema, ndiye mnyama wa nchi kavu mwenye moyo mkubwa kuliko wote. (Moyo wa tembo ni mkubwa zaidi, lakini kwa vile twiga ni mnyama wetu wa taifa, mimi sitamwondoa.)

Zile hatua nne ni nzuri kwa kupanga maneno yako mwenyewe unapotaka kumwambia mtu jambo gumu. Kwa kumsikiliza mwenzako unahitaji mbili tu, hisia na hitaji, na unazileta kwa kukisia. Hakuna anayekutaka utoe hukumu. Tena unakisia kwa Kiswahili cha kijiweni. Ukimwambia dereva wa bodaboda "je, unajisikia kuvunjika moyo kwa sababu hitaji lako la haki halijatimizwa?" atadhani umetumwa na mradi. Mwambie "yaani jamaa kakufanyia hivyo wewe ukiwa umebakiza kidogo tu". Hisia imo, hitaji limo, na sentensi ni ya mtu.

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine. Mmeandaa kikundi cha kufundishana kusikiliza, na vikundi vingi vya wanaume huandaliwa hivyo hivyo. Lakini kusikiliza ni rahisi. Kwa vikao vichache mwanaume yeyote anajifunza kufunga mdomo. Kinachowashinda ni kusikilizwa. Swali lako mwenyewe linaonyesha: la wengine umeliandika mistari mingi, la kwako umelipitia haraka, "nakosa cha kusema".

Mwanaume akipewa zamu ana njia za kutorokea, na zote zinakubalika kabisa katika jamii, ndiyo maana hatuzioni. Ya kwanza ni utani. Sisi tuna utani mpaka wa makabila, Msukuma anamtania Mzaramo hata kwenye mazishi, ni mali yetu na siipingi, ila mtu akitania kidonda chake mwenyewe kabla ya wengine kukiona, amekifunika. Ya pili ni kumwingiza Mungu mapema mno: "lakini nashukuru Mungu, tupo". Shukrani ni njema. Akiitoa katikati ya sentensi, mazungumzo yamefungwa. Ya tatu ni hesabu. Anaeleza deni kwa tarakimu, riba, tarehe, jina la aliyemkopesha, mpaka mnajua kila kitu kuhusu mkopo wa kausha damu na hamjui chochote kumhusu yeye. Ya nne ni kuzungumza kana kwamba ni mtu mwingine: "unajua unakuta mtu ana familia, anaamka asubuhi hana hata mia". Nani huyo anayeamka? Muulize kwa upole, "ni wewe?" Mara nyingi atacheka kwanza.

Chini ya yote hayo nadhani kuna hofu ya deni. Kwetu ukichangiwa harusi unaandikwa kwenye daftari, na siku ya wenzako utatoa. Tumezoea kwamba anayepokea yupo chini kidogo mpaka arudishe. Kwa hiyo mwanaume akisikilizwa kwa dhati anaona ameshuka, na keshoye atawakwepa kijiweni. Ninyi mnaweza kulitatua hilo kwa utaratibu: kila mtu anasikilizwa kwa zamu, hakuna anayeruhusiwa kuwa msaidizi wa kudumu. Katika kila kikundi huwa kuna mmoja asiyepokea kabisa, ndiye anayewahi, anapanga viti, anatuma ujumbe wa kuwakumbusha. Kwa namna ulivyoandika, nahisi kwenye kikundi chenu ni wewe.

Jinsi ya kufanya Alhamisi ijayo. Mpo saba, jigaweni, watatu huku na wanne kule, mkae mbali kiasi cha kutosikiana. Mmoja anazungumza, mmoja anamsikiliza, anayebaki ni mlinzi. (Kwenye wanne, walinzi ni wawili.) Kazi ya mlinzi ni moja tu, kunyanyua mkono akisikia ushauri, hadithi ya "hata mimi", au swali la kipolisi. Maswali ya kipolisi ni yale ya "alikuja saa ngapi?", "mlikuwa mmeandikishana?", "shahidi yupo?". Yanaonekana ya kujali, yanampeleka mtu kichwani. Wekeni kengele ya simu, dakika 15. Kabla ya kuanza, mzungumzaji aseme anachotaka: kusikilizwa tu, au kusikilizwa kisha kushauriwa. Yeye ndiye mwenye zamu, yeye ndiye anayepanga. Akitaka kuishia dakika ya tano, inaishia dakika ya tano, hakuna kumbembeleza.

Msikilizaji ana kazi ndogo. Anaitikia, "enhe", "mmh", kama anavyoitikia mtu hadithi. Mara moja moja anarudisha neno lililokuwa na uzito. Mara moja moja anakisia. Halafu ananyamaza, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa, maana kimya cha sekunde kumi kati ya wanaume wawili kinaonekana kirefu kama Ijumaa Kuu.

Mzungumzaji naye ana kazi, na ndiyo iliyosahaulika kwenye karatasi yenu. Msikilizaji akikisia, yeye hajibu "asante". Anavuta pumzi, anajiangalia ndani, anajibu kwa moja kati ya matatu: ndiyo, siyo, au karibu. Basi. Zoezi lote la kupokea ni hilo. Ukilifanya kwa uaminifu utashangaa linavyochosha.

Nikuonyeshe lilivyo. Hiki ni kipande cha kikao kwenye kikundi nilichokisimamia, mtu mwingine na pikipiki nyingine. Mwenyewe ameniruhusu, na nimebadilisha vitu vidogo asijulikane.

— Tajiri kaichukua. Ndiyo hivyo bwana. Mungu atajalia.

— Ilikuwa imebaki kidogo.

— Kidogo! Wiki sita. Wiki sita tu.

— Enhe.

— Na mimi nilishamwambia mwanangu, hiyo sasa ni ya baba.

— Imekuuma kwa sababu ulishamuahidi?

— Hapana. Siyo kuuma. *(Ananyamaza. Anatazama mikono yake.)* Naona aibu. Asubuhi naondoka nyumbani na helmeti. Jioni narudi nayo. Hawajui kama sina pikipiki.

Angalia alichokifanya msikilizaji. Ni kidogo sana, na dhana yake ilikuwa na kosa. Alikisia maumivu, haikuwa maumivu. Lakini ile "hapana" ndiyo iliyomfanya mwenzake atafute neno lenyewe, na alipolipata, helmeti ikatoka. Wanaume wengi huogopa kukisia wasije wakakosea. Kisia. Ukikosea anakusahihisha, na katika kusahihisha anajisikia mwenyewe. Mlinzi wetu siku ile alikuwa mtu wa maneno mengi, na alishika goti lake kwa mikono miwili asiseme kitu.

Baadaye ndipo yule bwana akasema mwenyewe: "Nisaidieni, naanzaje kumwambia mke wangu?" Ushauri ukaombwa, ukatolewa, ukachukua muda mfupi tu, na hakuna aliyetaja mwenyekiti wa mtaa.

Kupata jina la hisia kuna faida yake ndani ya kichwa chenyewe. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwapima watu ubongo huku wakitazama picha za nyuso zenye hofu na hasira. Walipowaambia wachague neno linalotaja hisia iliyo usoni, sehemu ya ubongo inayoitwa amigdala, inayohusika na kengele za hatari, ilipungua kasi. Haikutosha kuchagua jina la mtu, ilibidi iwe jina la hisia.

Ila najua utaniambia, majina yenyewe sina. Wengi hawana. Tulipewa mawili, hasira na uchovu, na hayo mawili ndiyo tunayotumia kwa kila kitu. Basi anzia mwilini. Kifua kinabana? Koo limekaba? Tumbo linavurugika? Mwili umekufa ganzi? Mwanaume anayeshindwa kusema "naogopa" anaweza kusema "nikiona simu yake inaita, mikono inatoa jasho", na msikilizaji ataokota kutoka hapo. Na usianze na jambo lako kubwa. Kama uzito wa mambo ni kuanzia 1 mpaka 10, njoo na la 3: mteja aliyekudhulumu sehemu ya ufundi, kondakta aliyekuzungushia chenji, kaka yako aliyekukata kauli mbele ya watu. Kifo cha jirani yenu ni la 10. Litakuja lenyewe, na litamjia kila mmoja wenu kwa wakati wake, kwa sababu nyote mlikaa naye kijiweni.

Mtu akilia, mwacheni alie. Hakuna "jikaze", hakuna kumpigapiga mgongo, na leso msiikimbize, akiihitaji ataitafuta. Anayetaka kuomba dua au sala aombe mwisho wa kikao, watu wote wakiwa wamemaliza.

Kuhusu umri, kama mna mzee kati yenu, kijana wa miaka 25 atapata kigugumizi kumkisia hisia. Ni utovu wa adabu, na hisia hiyo msiidharau. Aanze kwa kuomba, "Mzee wangu, naomba nijaribu kusema nilichokisikia, unisahihishe". Mzee akishasahihishana na kijana mara moja, njia imefunguka. Na wazee wawe wa kwanza kusikilizwa. Kijana akiona mzee amekubali kusema "siyo, karibu", yeye atajificha wapi?

Sasa mama watoto. Ana haki ya kucheka. Unarudi nyumbani Alhamisi usiku na misamiati ya kikundi, unamwambia "nasikia una hitaji la kuthaminiwa", na yeye anataka tu kujua kama umenunua luku. Fomula ni ya kikundini, ya kujifunzia. Nyumbani fanya mambo mawili tu. Akianza kusimulia siku yake, weka simu kifudifudi na uitikie mpaka amalize. Na mwambie, mara moja kwa wiki, jambo moja linalokusumbua, bila kulimalizia na suluhisho. Hilo la pili ndilo litakalomshangaza. Usimweleze yaliyosemwa na wenzako, hata yale madogo, hata bila kutaja majina. Morogoro si kubwa kiasi hicho. Na kundi lenu la WhatsApp liwe la saa na mahali pa kukutania tu.

Kuna mambo mawili ambayo kusikilizana hakutoshi.

La kwanza ni lile lililowaunganisha. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, vifo vya kujiua duniani kote vilikuwa 12.6 kwa kila wanaume 100,000 na 5.4 kwa kila wanawake 100,000. Mwenzenu akisema maneno ya kuchoka kuishi, akianza kugawa vitu vyake, akiaga isivyo kawaida, muulizeni waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Akisema ndiyo, zoezi limekwisha, msimwache peke yake hata usiku huo. Ondoeni sumu za shambani na chochote anachoweza kukitumia, mpelekeni hospitali ya mkoa, wao wakiona inafaa watampeleka Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyopo Dodoma. Watu huogopa kwenda kwa sababu sheria yetu ya Kanuni za Adhabu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, wakati Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo ni kinyume cha katiba. Hofu hiyo msiiongeze ninyi kwa midomo yenu mtaani.

La pili ni ngumi. Mtu akisema amempiga mkewe, msikilizeni, lakini msimsaidie kumlaumu huyo mwanamke. Vikundi vya wanaume huoza kwa njia hii: mmoja anamlalamikia mke, mwingine anaongeza wa kwake, baada ya miezi miwili mna kijiwe kingine cha kusema wanawake siku hizi wameharibika. Unaweza kukisia kwamba alihisi amedharauliwa, na bado ukamwambia kupiga hakukubaliki. Rwanda wana programu ya Bandebereho, wanaume wenye watoto wadogo au wanaotarajia mtoto wanakutana kwa vikao 15, na wake zao wanajiunga katika baadhi yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwauliza wake wenyewe, karibu miaka miwili baadaye, na waliopitia programu walisema wanapigwa kidogo sana kuliko wale ambao waume zao hawakupitia. Wake ndio walioulizwa, na hapo ndipo ninapoupendea utafiti huo. Kama kupiga kunaendelea na mkewe yupo hatarini, Dawati la Jinsia na Watoto lipo kituo cha polisi, na usiri wa kikundi haulindi kitu hicho. Hilo lisemeni wote mkiwepo, siku ya kwanza ya utaratibu mpya, kabla halijatokea.

Nimalizie na huyo shemeji. Msimpokee. Si kwa ubaya, anaweza kuwa mtu mzuri kuliko nyote. Lakini siku mwenzenu atakapotaka kusema hali ya ndoa yake ilivyo, kaka wa mkewe atakuwa amekaa mkabala naye, na hatasema. Mkimuuliza mwenzenu mbele ya watu kama amekubali, atakubali, maana kumkataa shemeji hadharani ni kama kumkataa mke. Kwa hiyo msimuulize mbele ya watu. Wewe umwambie huyo shemeji kwamba kikundi hakipokei ndugu wa mwanachama yeyote, iwe kanuni yenu nyote, na kama ana wenzake wanne au watano wanaotaka, wawili kati yenu mtakwenda kukaa nao vikao vinne vya kwanza kuwaonyesha kazi ya mlinzi. Mkija kupokea mtu mwingine asiye ndugu wa yeyote, aingie mzunguko mpya unapoanza, kila mmoja akiwa ameshasikilizwa mara moja.